Lango Lililobaki Kwenye Kofia

Mimi, Tak Bong-gu, nina macho ambayo hayajawahi kunidanganya, na mdomo ambao haujawahi kuyadanganya macho. Nikiona kitu, nimekiona. Nikikusimulia, unakipata kama kilivyokuwa, bila kupunguza na bila kuongeza. Muulize yeyote katika kikundi chetu cha maigizo hapa Jeonju. Nani anakumbuka kila mtu alisimama wapi jukwaani majira ya baridi ya mwaka juzi? Bong-gu. Nani aliona kwamba jenerali amepanda jukwaani na ndevu za mtu mwingine? Bong-gu. Ndiyo maana ilipofika siku ya Mwalimu Maeng kuazima macho, hakumwita profesa. Aliniita mimi.

Mwalimu Maeng Hak-su ndiye mwongozaji wetu. Miaka ishirini na minane ameongoza maigizo hapa, na kabla ya hapo aliongoza filamu kumi na mbili kule Seoul, na zote, filamu na maigizo, alizitoa kwenye vitabu vya kale. Watu wengine wakisikia ugomvi wa jirani wanaona hadithi. Mwalimu haoni hadithi mpaka iwe na miaka mia mbili na iwe imewachosha watoto wa shule vizazi saba. Tulikuwa tunamtania kwamba hata akiletewa supu huuliza ilipikwa enzi ya mfalme yupi, naye alicheka. Ila mwaka ule wa tisini na tisa sukari ilikuwa imeshamla macho. Alisema akitazama jukwaani anaona ukungu wenye miguu, na ukungu unaoongea sana ndio mimi.

Katika zile filamu kumi na mbili, ya kwanza ndiyo iliyomkaa kooni. Aliipiga mwaka sitini na moja, akiwa na miaka ishirini na saba, kutokana na hadithi ya Mke wa Mtahiniwa. Hapa kwetu hakuna asiyeijua, tulichapwa kwa ajili yake darasa la tano. Mume anakwenda mji mkuu kufanya mtihani wa serikali. Anapotea miaka kumi na mitatu. Anarudi siku theluji inaanguka, anagonga lango. Mke anasimama kwa ndani, mkono kwenye komeo. Kisha anafungua, wanalia, mfalme anamtunuku kwa uvumilivu wake, kengele inalia, watoto tunakwenda nyumbani.

Mwalimu hakutaka yule mke afungue. Alipiga miisho miwili. Mmoja wa kumridhisha Bwana Bang, tajiri aliyetoa fedha za filamu, ambamo lango linafunguliwa kama kitabuni. Mwingine wa kwake mwenyewe: mke anabaki ameshika komeo, nyayo za mume zinasikika zikiondoka, basi. Kabla hajachagua akaanza kukohoa damu, akapelekwa hospitali ya kifua kule kusini, akalala miezi mitano. Miisho yote miwili akaiacha mikononi mwa Bi Pyo Geum-ok, binti aliyekuwa anakata mikanda kwa mkasi na kuiunganisha kwa gundi, na ambaye, tuseme tu ukweli, yeye na Mwalimu hawakuwa wakizungumza habari za mikanda peke yake. Bi Geum-ok alimwahidi kwamba mwisho utakaotoka ni ule wa Mwalimu.

Filamu ikatoka yeye akiwa kitandani. Rafiki mmoja akaja kumwona na machungwa, akamwambia watu sinema nzima walilia. Mwalimu akajiambia: wamelia kwa furaha, basi limefunguliwa. Akamwandikia Bi Geum-ok barua ya neno moja: Umeniuza. Yule naye akajibu kwa mstari mmoja: Toka kitandani ukaitazame. Alipotoka kitandani, Bwana Bang alikuwa ameshaziuza nakala zote kwa watengeneza kofia.

Usicheke. Miaka ile hakuna aliyetunza filamu. Ikishazunguka mikoani mpaka imekwaruzika, iliuzwa kwa kilo kwa mafundi wa kofia za majani ya ngano, nao waliukata mkanda na kuuzungusha kwenye kofia badala ya utepe, maana unang'aa na mvua haiushindi. Nusu ya sinema yetu ya zamani ilikwenda kupalilia mpunga juu ya vichwa vya watu.

Utasema, si angewauliza walioiona? Aliwauliza miaka arobaini karibu. Wote walimjibu kwamba lango lilifunguliwa. Lakini ukiwauliza ilikuwaje, wanakusimulia zawadi ya mfalme, na zawadi ya mfalme Mwalimu hakuipiga kabisa, fedha ya kumvika mfalme haikuwapo. Walikuwa wanamjibu kutoka darasa la tano. Kitabu kilikuwa kimekwisha kuifuta filamu vichwani mwao.

Bi Geum-ok mwenyewe Mwalimu hakumwuliza kamwe. Mwalimu akaoa, akafiwa. Yule naye akaendelea kukata mikanda ya waongozaji wengine mpaka vidole vikapinda, akastaafu na kwenda kukaa Gunsan kwa mpwa wake. Na filamu zote kumi na moja zilizofuata Mwalimu aliwapa matajiri mwisho walioutaka. Yatima akapata urithi, mzimu ukasamehe, binti wa hakimu akaolewa. Hakugombana na mtu. Alishaamini kwamba mwisho wake, watu hawautaki.

Sasa mwaka huo wa tisini na tisa tulikuwa tunajiandaa kuigiza Mke wa Mtahiniwa jukwaani, na Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba ni kazi yake ya mwisho. Mimi nilipewa mtumishi wa mume, mlevi, yule anayefika na bwana wake langoni. Nikwambie ukweli, ile ilikuwa nafasi ya maisha yangu. Mke akishasema ndiyo, anayelitoa komeo ni mtumishi, anapenya kwa juu ya ukuta, anadondoka ndani, anapambana na komeo, anacheza nalo, analibembeleza kama ng'ombe. Nilikuwa nimeirefusha ikafika dakika kumi na moja. Wenzangu walicheka mazoezini mpaka Dada Yeom, aliyeigiza mke, akawa ananiambia, "Bong-gu, mdogo wangu, mimi nimemngoja mume miaka kumi na mitatu, na sasa nakungoja wewe." Na tulikuwa tumesikia kwamba mama mmoja wa televisheni anayetafuta wachekeshaji atakuja siku ya kwanza kutoka Seoul.

Ndipo akaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa akizunguka vijijini kupiga picha nyumba za zamani. Alimwambia Mwalimu kwamba upande wa Gimje, kwa bibi mmoja mjane, aliona kofia iliyoning'inizwa ukutani, na kwenye mkanda wake kuna lango lililochorwa korongo mwenye mguu mmoja. Mwalimu aliweka kikombe chini. Yule korongo alikuwa na mguu mmoja kwa sababu mchoraji aliishiwa rangi, na hakuna lango lingine kama lile duniani. Na theluji je, aliuliza, kuna theluji? Mwanafunzi akasema ipo. Theluji ilikuwa kwenye onyesho la mwisho tu. Ilikuwa pumba za mpunga zilizopakwa chokaa, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyezirusha kutoka juu ya ngazi.

Siku hiyohiyo akatukusanya. Akasema tutasimamisha mazoezi ya mwisho wa mchezo mpaka aijue kofia inasema nini. Kama lango lilifunguliwa, sisi pia tutalifungua, yameshapita. Kama halikufunguliwa, hatutalifungua. Dada Yeom atasimama na mkono kwenye komeo, nyayo zitaondoka, taa zitazimwa.

Nikamwuliza na mtumishi atakuwa wapi.

"Nje," akasema. "Ataondoka na bwana wake. Utakuwa na nyayo nzuri, Bong-gu."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nina mazoea ya kucheka kwanza.

Tulikwenda mwezi wa kumi, yeye na mimi, kwa basi. Mpunga ulikuwa wa manjano pande zote. Alivaa suti yake ya mazishi na harusi, na magotini alikumbatia mfuko wa kitambaa ambao hakutaka nimshikie. Njiani nilimtania kwamba amejipamba kama anakwenda kuposa kofia. Hakucheka. Aliniambia jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku hiyo, kila mara nikitaka liwe limesemwa na mtu mwingine.

"Bong-gu, kama mwisho wangu ulitoka, na watu wakalia vile, basi maisha yangu yote niliyasoma vibaya. Filamu kumi na moja. Na yule mwanamke. Afadhali nijue nikiwa bado nina miguu."

Mjane mwenyewe, Bibi Seok, alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuitia watu shambani. Ua wote ulikuwa mwekundu kwa pilipili zilizoanikwa. Alitukalisha barazani, akatuletea matunda ya persimoni, akaitungua kofia ukutani na kumpa Mwalimu kwa mikono miwili.

"Tazameni mpaka mchoke, bwana mwalimu. Ila uzi msiukate. Mkanda ulipolegea mzee wangu aliushona tena mwenyewe, na mshono wake ni mbaya kabisa, na ndivyo ninavyoutaka."

Mwalimu aliushika mkanda ule na kuvipapasa vitundu vya pembeni kwa kidole gumba, taratibu, akaizungusha kofia yote. Akanipa kofia na kioo cha kukuzia, akaomba akanawe uso. Bibi Seok akamwonyesha bomba la maji nyuma ya jiko, kisha akaenda zake kwenye pilipili za nyuma ya ukuta. Nikabaki peke yangu barazani na jua zuri la asubuhi.

Picha zilikuwa hazizidi sitini. Mkanda ulizunguka kofia mara mbili. Ukiwekwa kwenye mashine ni sekunde mbili na nusu. Hizo ndizo zilizobaki za filamu nzima. Niliuinua kidogo kwa ukucha ili mwanga upite. Nikaliona lango, nikamwona korongo na mguu wake mmoja. Nikaona mkono wa mwanamke kwenye komeo, vidole vyembamba, na pumba za mpunga zikianguka.

Sasa, limefunguliwa au limefungwa? Wewe mtu wa haki unisikilize. Mkanda ule ulikuwa umepigwa na jua na mvua na jasho la marehemu miaka thelathini na zaidi. Picha zilikuwa zimekwaruzika. Nyingine zilikuwa na tundu la sindano lenye kutu katikati. Kuna weusi, na kuna weusi zaidi, na mpaka kati ya weusi na weusi mtu anaweza kuuita ufa wa lango linalofunguka, au mbao mbili zilizoshikana. Mahakamani ungeniuliza ningesema sijui. Nilitakiwa kuchagua. Na nitakuambia bila kuficha kwamba wakati nachagua niliziona dakika zangu kumi na moja, nikamwona mama wa televisheni amekaa safu ya tatu, nikajiona nimesimama gizani nyuma ya pazia nikikanyaga ubao, nyayo nzuri.

Mwalimu alirudi uso ukichuruzika maji. Alikaa, akaweka mikono magotini kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Bong-gu."

"Naam, Mwalimu."

"Lango?"

"Limefunguliwa, Mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa mara mbili. Hakuuliza limefunguliwa kiasi gani, wala kama uso wa mwanamke unaonekana. Mtu mwingine angenihoji. Yeye alinihoji mara moja tu kwa sababu, kama alivyosema siku zote, macho ya Bong-gu hayahitaji kuulizwa mara mbili. Bibi Seok aliporudi na kapu lake Mwalimu alimshukuru kwa kuinama mpaka chini, akamwambia mchezo ukiwa tayari atamtumia gari lije limchukue. Bibi akasema hajawahi kuingia jumba la maigizo, na atakuja hata kwa miguu.

Kwenye njia panda kuna vituo viwili. Basi la kurudi Jeonju linasimama upande huu, la Gunsan upande ule. Nikataka kumvusha, maana asubuhi alisema huenda tukapitia Gunsan, akanishika mkono.

"Hapana. Tunarudi nyumbani."

Akafungua mfuko wake wa kitambaa, akatoa boksi la keki ndogo za asali, zile zinazofinyangwa kama maua, limefungwa kwa karatasi ya duka na utepe. Nikamwuliza za nani.

"Nilinunua kwa ajili ya mtu," akasema. "Kula wewe. Umefanya kazi."

Basi la Gunsan likaja kabla ya letu, likasimama, dereva akatutazama, likaondoka. Ningeweza kusema pale. Maneno yalikuwa mafupi tu: Mwalimu, ngoja, sina hakika. Hayo yasingenifanya mwongo, yangenifanya mtu mwenye macho mabovu, na wapo wengi. Badala yake nilifungua boksi. Nilikula keki nane kutoka pale hadi Jeonju, na kila moja nilimsifia ilivyo laini, kwa kuwa nilimwona amekaa kimya na nilitaka kumchangamsha. Alinisikiliza. Karibu na mjini akasema, kama anajisemea, "Basi sikumwonea." Akalala, au alifumba macho, kwake ilikuwa vigumu kutofautisha.

Mazoezi yakaendelea. Dada Yeom aliposikia alisema, "Haya," kisha akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi ya nyuma na sigara. Alikuwa ameshaanza kuufanyia mazoezi ule mkono wa kwenye komeo nyumbani, mume wake alituambia, alikuwa anasimama mlangoni pa jiko nusu saa bila kusogea mpaka watoto wanaogopa. Mimi nikaongeza mchezo wa kupiga chafya katikati. Dakika zikawa kumi na mbili.

Mwezi wa kwanza, siku ya baridi kali, mpwa wa Bi Geum-ok akapiga simu. Shangazi yake amefariki, na katika daftari lake la simu kulikuwa na namba ya jumba letu la maigizo. Mwalimu akavaa ile suti. Mimi ndiye niliyempeleka Gunsan, kwa basi lilelile la upande wa pili. Aliinama mbele ya picha ya marehemu mara mbili kama inavyotakiwa, akaweka bahasha ya rambirambi, akakaa mezani na supu nyekundu ya nyama bila kuigusa. Mpwa alikuja kukaa nasi. Alisema shangazi yake hakuwa mtu wa kueleza mambo, ila kila mara kikundi chetu kilipotajwa gazetini alikata habari ile kwa mkasi wake na kuihifadhi, na akiulizwa huyu ni nani anajibu, ni mtu mmoja, atakuja akishaiona.

"Akishaona nini?" mpwa akamwuliza Mwalimu. "Hakuwahi kuniambia."

Mwalimu akasema ni filamu moja ya zamani, haina maana.

Mimi nilikuwa na kijiko mdomoni. Nilianza kulia, na supu ile ina pilipili, kwa hiyo nikasema ni pilipili. Mama mmoja wa meza ya pili akaniletea karatasi za kufutia na kuniuliza nilikuwa nani kwa marehemu. Nikasema sikuwa mtu wake. Akanipigapiga mgongoni, akasema ndivyo wanavyosema wote waliopendwa sana.

Baada ya hapo nilijaribu kumwambia Mwalimu mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na daktari. Mara ya pili nilianza kwa mzaha, ili nipate pa kukimbilia, na mzaha ukawa mzuri mno, akacheka, ikawa kwaheri. Mara ya tatu nilimkuta amekaa viti vya nyuma peke yake, jukwaa tupu mbele yake. Nikasimama hatua mbili kutoka kwake. Akasema, "Nani?" Nikaondoka kwa vidole vya miguu.

Siku ya kwanza ya mchezo ilikuwa mwezi wa nne, miti ya maua imechanua hadi barabarani, viti vyote vimejaa. Nilipanda ukuta, nikadondoka, nikapambana na komeo, nikalibembeleza, nikapiga chafya. Walicheka, bwana. Walicheka mpaka mzee mmoja alitolewa nje apumue. Kisha lango likafunguka, Dada Yeom akatokea, na watu wakanyamaza vizuri, kwa heshima, jinsi wanavyonyamaza mbele ya kitu wanachokijua tayari. Hakuna aliyelia. Mwalimu alikuwa safu ya kwanza, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Niliinama kupokea makofi, na nilipoinuka yeye alikuwa bado anasikiliza, kana kwamba kuna sauti ilikuwa ije na imechelewa.

Baadaye tulikwenda wote kwenye nyumba ya pombe ya mchele kwa mama tunayemwita Shangazi wa kona, ambako ukiagiza birika moja sahani zinakuja mpaka meza inakosa nafasi. Mama wa televisheni alinipa kadi yake na kusema nimpigie Jumatatu. Nikaiweka mfuko wa shati, nikawa naigusa kila baada ya muda. Mwalimu alikaa mwisho wa meza, kibakuli mbele yake, na kando yake, mgeni wa heshima, Bibi Seok wa Gimje, aliyeletwa na gari kama alivyoahidiwa. Alikuwa amevaa hariri ya buluu na alikula samaki wa kukaanga kwa bidii. Alipomaliza akafuta mikono, akainuka, akaja kukaa karibu nami.

"Kijana," akasema kwa ile sauti yake ya shambani, "umenichekesha mpaka mbavu zinauma. Sijacheka hivi tangu mzee afariki. Lakini mbona mmelifungua?"

Nikamwuliza kufungua nini, Bibi, pombe?

"Lango. Kwenye kofia ya mzee wangu halifunguki."

Meza ilikuwa na kelele, watu wanaimba upande mmoja. Nilicheka, nikammiminia, nikamwambia picha zile ni za zamani, zimechakaa, mtu huwezi kujua. Hakulishika bakuli.

"Usinifundishe kofia yangu. Nimeitazama miaka thelathini na minane. Lango limefungwa, mbao zote mbili, na juu ya mbao kunaandikwa neno Mwisho, linaanza kama moshi, halafu linakolea. Mzee alikuwa akiivua jioni ananisomea." Akanitazama kwa mshangao, bila hasira hata kidogo. "Na wewe ulilisoma. Nilikuwa nyuma ya ukuta nageuza pilipili, nikakusikia unasoma peke yako kama mtoto wa shule. Mwisho, ulisema. Halafu ukasema, masikini mzee, kweli limefungwa. Nikafurahi. Nikasema moyoni, sasa anakwenda kumwambia."

Wimbo ulikuwa umekatika, sijui saa ngapi. Dada Yeom alikuwa ameshika kijiti cha kulia hewani. Mwisho wa meza, Mwalimu aliweka kibakuli chini bila kutoa sauti.

"Mama," akamwuliza yeye, hakuniuliza mimi. "Alisema limefungwa?"

"Alisema, bwana mwalimu. Kwa kinywa chake."

Mwalimu aligeuza uso kunitafuta. Aliupeleka kushoto, akaurudisha, ukasimama juu ya ukuta palipotundikwa kalenda. Mimi sikusogea. Nilizuia hata pumzi. Mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa kimya chumbani mwenye watu, nikitumaini hajui niko upande upi.

"Yuko hapa," akasema Bibi Seok, akanishika mkono na kuuinua juu ili Mwalimu auone.